Dhamana ya Seva: Mhadhara Juu ya Kuhamisha Mfumo Wenye Watu Wengi



Suali nililoalikwa kulizungumza jioni hii huulizwa aghalabu kwa namna isiyojibika. Mtu mwenye tovuti iliyokwisha kushika watu, wanunuao, walipao, wasomao na watumao kazi zao usiku na mchana, akiona seva zake zimeelemewa, kurasa zinachelewa kufunguka na simu za malalamiko hazikomi, humwendea mjuzi akamwuliza: nihamie wapi? Ninunue mashine zangu mwenyewe nikazitie katika chumba cha kukodi, au nipange za wenye wingu? Na kama ni wingu, ni la nani? Na mjuzi, kwa kuwa ni muhali kwake kuonekana hana neno, humtajia jina la kampuni, wakaagana wote wawili kwa furaha.

Rai yangu, ambayo nataraji kuitetea mbele yenu kwa visa vya kweli, ni kwamba hilo ni suali la pili. La kwanza ni hili: siku seva kuu itakapokufa, nani atakayeirejesha huduma, kutoka nakala gani, kwa muda gani, na mara ya mwisho jambo hilo kujaribiwa ilikuwa lini? Mpango wowote ambao mwenyewe anaweza kuyajibu hayo kwa yakini ni mpango wa kuaminika, uwe umejengwa juu ya mashine za kununua au za kupanga. Na usiokuwa na majibu hayo haustahiki kuaminiwa, hata ukigharimu mali ya Karuni.

Kisa nitakachokishikilia ni cha GitLab, nacho nimekichagua kwa sababu wenyewe walikiandika hadharani, aibu na fahari pamoja, kwa uwazi ambao makampuni machache huuthubutu. GitLab.com ni mahali ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao, wakazilinganisha, wakajadiliana juu ya mabadiliko na kuyapokea au kuyakataa. Programu yenyewe ilianzishwa mwaka 2011 na Dmitriy Zaporozhets wa Kharkiv, nchini Ukraine, kisha akaungana naye Mholanzi Sid Sijbrandij. Na kufikia mwaka 2016 mzigo wake ulikuwa wa namna mbili zisizofanana. Kulikuwa na kanzidata ya PostgreSQL, iliyotunza majina ya watumiaji, maoni yao na kumbukumbu za miradi; na kulikuwa na mafaili ya kazi zenyewe, madogo madogo na mengi mno, yakisomwa na kuandikwa bila kupumzika. Vyote hivyo vilikaa juu ya mashine za kupanga katika wingu la Microsoft liitwalo Azure.

Mafaili ndiyo yaliyoleta udhia wa kwanza. Waliyaweka katika mfumo uitwao CephFS, ambao huitawanya hazina juu ya mashine nyingi ili diski moja ikifa zisipotee kazi za watu; nao ni mfumo mzuri penye diski za kasi zisizogawanywa na mtu mwingine. Lakini katika mfumo wa namna hiyo andiko haliwi limethibiti mpaka mashine kadhaa zikiri kulipokea, basi mwendo wa wote huwa ni mwendo wa ile iliyo nzito kuliko zote. Na diski ya kupanga, ambayo jirani usiyemjua huenda anaitumia kwa pupa saa ile ile, huwa nzito bila kutoa taarifa. Novemba 2016 GitLab walitangaza kwamba wanatoka katika wingu kwenda kwenye mashine zao wenyewe, na Desemba wakachapisha orodha ya mashine wanazokusudia kununua, wakawaomba walimwengu waikosoe.

Walimwengu hawakufanya ajizi. Watu waliokwisha kuendesha mashine zao kwa miaka mingi waliwakumbusha mambo ambayo orodha ya bei haiyataji: nyaya na vifaa vya mtandao navyo vinakufa, vipuri lazima viwekwe tayari karibu, na diski ikiharibika usiku lazima awepo mtu wa kwenda kuibadili. Machi 2017 kampuni ikatangaza kwamba haitoki tena katika wingu. Badala ya kununua chuma, wataurekebisha mfumo wao, mafaili wayagawe juu ya seva za kawaida, kisha waandike huduma yao wenyewe, waliyoiita Gitaly, itakayofanya kazi ya mafaili pale pale yalipo pasipo kuyabeba mtandaoni. Wako waliowacheka kwa kugeuka. Mimi naona kwamba aliyeweka hesabu yake mezani, akasikiliza hoja na kuyabadili mawazo kabla ya kutoa fedha, ana akili kuliko yule aliyenunua kwa siri na sasa anaona haya kukiri kwamba rafu zake za seva zinamshinda.

Lakini baina ya tangazo la kutoka na tangazo la kubaki ulipita usiku mmoja ambao, kwa mwenye kutaka kuchagua mpango wa seva, una faida kuliko vitabu kadhaa.

Usiku huo ulikuwa wa tarehe 31 Januari 2017. Kanzidata ya GitLab ilikaa juu ya seva mbili: kuu, inayopokea maandishi yote, na ya akiba, inayoifuata kuu kwa kuzisoma kumbukumbu za mabadiliko na kuyarudia yale yale kwake. Jioni ile mzigo uliongezeka ghafla, seva kuu ikawa inaandika kwa wingi kiasi kwamba ilizitupa kumbukumbu za zamani kabla ya mwenzake kuzichukua; na kwa kuwa hazikuwa zikihifadhiwa mahali pengine, seva ya akiba ikakosa kiungo, haikuweza tena kufuata. Dawa yake ni moja: kuyafuta yote yaliyomo ndani ya seva ya akiba na kuinakili upya kutoka kwa kuu. Mhandisi aliyekuwa zamu akaanza kazi hiyo, ila programu ya kunakilia ilikaa kimya tu, haisemi kwamba inasubiri wala haisemi kwamba imeshindwa. Kumbe ilikuwa inangoja seva kuu ifikie kituo chake cha kuandika diskini, nayo haikuwa na desturi ya kumweleza mtu. Baada ya majaribio kadhaa, na usiku umekwisha kuwa mkubwa, akadhani kwamba masalio ya mafaili katika seva ya akiba ndiyo yanayozuia, akaandika amri ya kuyafuta. Ilikuwa yapata saa 5:30 usiku kwa saa za Greenwich. Ilimpitikia baada ya sekunde moja au mbili kwamba dirisha aliloandikia lilikuwa la seva kuu. Akaikatiza amri, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilizokuwamo, zilikuwa zimebaki 4.5.

Hapo ndipo kila mtu aliye kazini angesema: si kitu, turudishe kutoka katika nakala. Na hapo ndipo iligundulika kwamba katika njia 5 za kuhifadhi nakala ambazo kampuni ilidhani inazo, hapakuwa na hata moja iliyofanya kazi kama ilivyokusudiwa. Nakala ya kila siku iliyopaswa kutumwa katika hazina ya Amazon haikuwamo. Sanduku lilikuwa tupu. Sababu yake ni ndogo ya kuudhi: programu ya kutoa nakala ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya 9.6, na programu ya zamani, ikiona imepewa kanzidata mpya kuliko yenyewe, hukataa kazi. Ilikuwa ikikataa hivyo kila siku, na kila siku ikituma barua pepe ya kueleza kosa. Lakini barua hizo hazikuwa na saini ya kuthibitisha zimetoka kwa nani, kwa hiyo seva ya posta ilizirudisha, na waliopaswa kuzisoma hawakuzipata. Picha za diski ambazo Azure huweza kupiga ziliwashwa kwa seva za mafaili, hazikuwashwa kwa seva za kanzidata. Ilibaki picha ya diski iliyokuwa ikipigwa mara moja kila saa 24 kwa ajili ya mazingira ya majaribio. Na hapa bahati iliingia: saa 6 hivi kabla ya msiba, mhandisi mmoja alikuwa amepiga picha kama hiyo kwa mkono wake, kwa kuwa alitaka kujaribu jambo jingine kabisa.

Picha hiyo ndiyo iliyowaokoa. Hata hivyo, kuinakili kutoka mazingira ya majaribio, ambayo yalipangiwa diski za bei nafuu zendazo pole, kulichukua saa 18 hivi, muda wote huo huduma imefungwa, nao wakiandika kila hatua katika waraka ulio wazi kwa ulimwengu na kuionyesha kazi yao moja kwa moja kwa maelfu ya watazamaji. Saa 12 jioni ya siku ya pili huduma ilirudi. Yaliyoandikwa katika kanzidata kuanzia saa 11:20 jioni hadi saa 6 usiku yalikuwa yamepotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya 700 hivi. Mafaili ya kazi yenyewe, kwa kuwa yalikaa kwingine, yalisalimika. Mhandisi hakufukuzwa, na wala hakustahili. Kosa la kidole huja kwa kila mtu, bali barua pepe zinazorudishwa kila siku bila yeyote kujua ni kasoro ya mpango mzima.

Sasa tuirudie hoja. Je, mashine za kununua zingeiokoa GitLab usiku ule? Hazingeiokoa. Wingu la mtu mwingine, lililo ghali zaidi? Halingeiokoa. Kingalikuwepo chuma kipya kabisa katika chumba baridi chenye jenereta mbili, programu ya 9.2 ingeendelea kukataa kanzidata ya 9.6 na barua zingeendelea kurudishwa. Kwa hiyo ninapoulizwa juu ya mpango wa seva, kitu cha kwanza ninachoomba kuonyeshwa ni urejeshaji: mtu akae mbele yangu, achukue nakala ya jana, aisimamishe kanzidata juu ya mashine tupu, na tuhesabu watumiaji waliomo. Pengine kazi hiyo huchukua dakika 40, pengine huchukua siku nzima. Na muda huo, mtake msitake, ndio muda wa huduma yenu kulala siku ya msiba, bila kujali mkataba umeandika nini.

Mikataba nayo ina lugha yake ya tarakimu, ambayo yafaa tuipitie, maana wengi hughurika nayo. Anayeahidi kuwapo kwa asilimia 99.9 amejiwekea ruhusa ya kulala saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, wa 99.99 amejiwekea dakika 52. Lakini ombi la mteja halipiti katika kitu kimoja. Hupita katika jina la kikoa, katika mgawa mzigo, katika seva ya programu, katika kanzidata. Na ikiwa vinne hivyo kila kimoja kina 99.9, basi vyote pamoja vina kama 99.6, ambayo ni saa 35 za mwaka. Kinyume chake, ukiweka vitu viwili sambamba ambapo kimoja chatosha, hesabu ya karatasini huruka hadi 99.9999, na muuzaji hupenda sana kuionyesha. Sharti la hesabu hiyo, ambalo haliandikwi kwa herufi kubwa, ni kwamba viwili hivyo visife kwa sababu moja.

Na sababu moja ni nyingi kuliko tudhanivyo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliliteketeza jengo moja la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, ukaunguza na sehemu ya jengo la jirani; na miongoni mwa wateja walikuwako waliokuwa na nakala, wamelipia nakala, ila nakala zenyewe zilikuwa katika uwanja ule ule. Kisa cha pili hakina moto ndani yake, nami nakiona kibaya zaidi. Benki ya TSB ya Uingereza, Aprili 2018, iliwahamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 kutoka katika mitambo ya Lloyds, mmiliki wake wa zamani, kwenda katika mitambo iliyojengwa na mmiliki mpya, Sabadell ya Uhispania, mwisho wa juma moja tu, wote kwa pamoja. Mitambo mipya ilikuwa na vituo viwili vya data vilivyokusudiwa vifanye kazi bega kwa bega. Majaribio ya kupima nguvu yalifanywa katika kituo kimoja. Cha pili kilihesabiwa kuwa ni sawa na cha kwanza. Hakikuwa sawa. Wateja kufikia milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakaona akaunti zisizokuwa zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Seva ya pili ambayo haijawahi kubeba watu halisi ni dhana tu. Na njia ya kuigeuza dhana kuwa yakini ni kuipa kazi mara kwa mara, siku ya amani, mchana, watu wote wakiwa macho.

Mintarafu ya ukubwa wa seva zenyewe, kosa lililo maarufu ni kupima kwa wastani. Mpishi wa harusi hapimi masufuria yake kwa wastani wa watu wanaokula nyumbani mle mwaka mzima. Tovuti ya matokeo ya mitihani, au ya tiketi za mechi, hupata mzigo wake wote katika saa chache, na saa hizo ndizo zinazohukumu. Fauka ya hayo kuna kanuni ya foleni ambayo macho ya kawaida hayaioni: kama maombi yanafika kwa bahati, bila mpango, basi seva iliyoshughulika nusu ya wakati wake humngojesha mteja, kwa makadirio, muda ulio sawa na wa kuhudumiwa, ikishughulika asilimia 80, humngojesha mara 4, asilimia 90, mara 9, na asilimia 95, mara 19. Mwenye seva huona asilimia 90 akafurahi kwamba hapotezi fedha, kisha akashangaa kwamba nyongeza ndogo tu ya watu imeuangusha mfumo. Na ikiwa seva zako ni mbili zinazogawana kazi, kila moja kwa asilimia 60, fahamu kwamba huna seva ya akiba. Ikifa moja, iliyobaki itatakiwa kubeba 120.

Kanzidata haina dawa nyepesi kama seva za programu. Seva za programu, kwa kuwa hazihifadhi kitu, unaweza kuziongeza kama viti. Lakini kila unayoiongeza hufungua miunganisho yake kwa kanzidata ile ile, na PostgreSQL humpa kila muunganisho mchakato wake peke yake na kumbukumbu yake. Nimewaona watu wakiongeza seva za mbele ili kuponya ucheleweshaji, na ucheleweshaji ukazidi, maana walikuwa wakimlundikia mizigo yule yule aliyekwisha kulemewa. Weka kati yao mpokezi wa miunganisho, kama programu iitwayo PgBouncer, ambaye hupokea maombi mengi na kuyapitisha kwa miunganisho michache. Ni kazi ya siku moja, na aghalabu huahirisha haja ya kununua mashine kubwa kwa mwaka mzima.

Nadhani sasa tumefika penye kuhama kwenyewe. Nitarudi kwa GitLab, kwa kuwa walihama kweli: tarehe 11 Agosti 2018, siku ya Jumamosi, waliitoa huduma yao Azure wakaipeleka katika wingu la Google. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, chombo chao wenyewe kiitwacho Geo kilikuwa kikinakili kanzidata na mafaili kwenda upande wa pili mfululizo, hata siku ya kuhama ilipofika hapakuwa na shehena ya kubeba, kulikuwa na kubadilisha nani ni mkuu na nani ni mfuasi. Hatua zote ziliandikwa katika orodha moja, kila hatua na mwenye nayo, na orodha hiyo ikafanyiwa mazoezi katika mazingira ya majaribio tena na tena. Kila zoezi lilipokwama, kilichokwamisha kilirekebishwa, orodha ikasahihishwa, na zoezi likarudiwa. Tazameni tofauti baina ya watu hao na watu wa usiku wa Januari: ni kampuni ile ile, programu ile ile, na hata baadhi ya wahandisi ni wale wale. Wala hawakuhamia kwao wenyewe kama walivyotangaza kwanza; walihama kutoka kwa mpangishaji hadi kwa mpangishaji. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliijua njia kabla ya kuianza.

Jambo moja katika kuhama nataka kulikalia kidogo, maana ndilo linalowatoa watu jasho. Kabla ya siku yenyewe, punguza muda wa jina la kikoa kukaa katika kumbukumbu za watu, kutoka sekunde 86,400 za desturi hadi 300, na ufanye hivyo siku kadhaa mapema, la sivyo wateja wataendelea kuibisha nyumba ya zamani siku nzima. Saa ikifika, zuia maandishi, ruhusu kusoma tu, ngoja seva mpya iwe imeyapokea mabadiliko ya mwisho, hesabu mistari pande zote mbili, kisha fungua. Hadi hapo kurudi nyuma ni rahisi. Lakini mteja wa kwanza akishaweka oda yake katika kanzidata mpya, ile ya zamani imekwisha kuwa ya uongo, na kurudi nyuma ni kuipoteza oda hiyo. Kwa hiyo mwenye hadhari huamua mapema, kwa maandishi, ni dalili gani zitakazomrudisha na hadi saa ngapi. Au huweka njia ya kunakili kwa kinyume, kutoka mpya kwenda ya zamani, ili kurudi kubaki na maana. Uamuzi huo ukiachwa usiku wa manane, mikononi mwa watu waliokwisha kukesha, hufanywa na uchovu.

Na tusidanganyike na kuhama nusu. Nuru katika uzi wa kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Tukikadiria njia ya mkongo kutoka pwani yetu hadi Frankfurt kuwa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu 100 za elfu ya sekunde, kabla ya mashine yoyote kufanya lolote. Msomaji anayefungua ukurasa haioni. Lakini ukiiacha kanzidata Frankfurt na kuileta seva ya programu Nairobi au Dar es Salaam, na ukurasa mmoja huuliza kanzidata mara 30 moja baada ya nyingine, umemngojesha sekunde 3 nzima kwa sababu ya masafa tu. Ama vihame pamoja, ama visubiriane.

Mashine zikae wapi basi, kwetu au ng'ambo? Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, iliendeshwa kwa miaka mingi na mashine zilizokuwa Ujerumani, na watu wakatumiana fedha kutoka kijiji hadi kijiji kwa njia ya Ulaya. Aprili 2015 ndipo mashine zilipohamishiwa Kenya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania na ya majirani zake ikadorora. Na siku kama hiyo seva iliyo Ulaya, hata ikiwa nzima kabisa, kwa mteja wa hapa ni kama haipo. Mwenye wateja wa hapa, basi, ana hoja nzito ya kuweka mashine zake hapa. Lakini awaulize wenye chumba habari za umeme: mafuta ya jenereta yanatosha saa ngapi, mara ya mwisho iliwashwa ikiwa na mzigo kamili ilikuwa lini, na mikongo inayoingia jengoni hupita njia ngapi tofauti. Nakala ya akiba aiweke nchi nyingine, kwa mtu mwingine, chini ya akaunti na nywila nyingine, ili atakayeivamia akaunti moja, au mkono utakaoteleza ndani yake, usizifikie zote mbili.

Limebaki neno moja dogo, nalo ni la mashine za zamani. Siku ya pili ya kuhama, kila kitu kikienda salama, mwenye fedha hutaka zizimwe mara moja asilipe kodi mara mbili. Asikubaliwe. Katika kila mfumo mkubwa zimo kazi ambazo hazifanyiki kila siku: hesabu za kufunga mwezi, faili linalotumwa benki kila tarehe 25, programu ndogo iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi na ambayo bado inaibisha anwani ya zamani. Ziacheni zikiwaka, zimefungwa zisiandike, na mtu apewe kazi ya kutazama ni nani bado anazigongea mlango; kila agongaye afuatwe, ajulikane, ahamishwe. Mwezi ukifungwa salama na mlango ukakaa kimya, diski zifutwe kama mkataba unavyotaka, cheti cha kufuta kichukuliwe kwa mpangishaji, na kodi ikatwe.